Roketi za Stalin juu ya lori la Mmarekani

Ujerumani ilisalimu amri mara mbili. Ya kwanza ilikuwa Reims, Ufaransa, usiku wa kuamkia tarehe 7 Mei 1945, katika makao makuu ya Eisenhower, kamanda mkuu wa Washirika (Marekani, Uingereza na wenzao) huko Ulaya Magharibi. Jenerali Jodl wa Ujerumani akatia sahihi, na ofisa wa Kisovieti aliyekuwepo naye akatia yake. Habari zilipofika Moscow, Stalin akang'aka. Berlin imeangushwa na jeshi lake, iweje karatasi isainiwe Ufaransa? Shughuli ikarudiwa Berlin usiku wa tarehe 8, safari hii Jemedari Keitel akiwa upande wa Wajerumani walioshindwa na Jemedari Zhukov wa Kisovieti akiwa mwenyeji. Kwa saa za Moscow ilikuwa imeshaingia tarehe 9, ndiyo maana hadi leo Ulaya Magharibi inaadhimisha tarehe 8 na Urusi tarehe 9.

Kwa hiyo ugomvi wa nani alishinda Vita vya Pili vya Dunia una umri sawa na amani yenyewe. Wanafunzi wangu huufufua kila mwaka, na huwa kuna kambi mbili: ya Marekani, ambao wameangalia sinema, na ya Urusi, ambao wameangalia YouTube. Mimi nimebobea kwenye ugavi wa kijeshi, yaani viatu, mikate, mafuta na magari, na jibu langu huwa haliwaridhishi wote wawili.

Kwanza niondoe mezani mizani mbovu, nayo ni maoni ya watu. Mei 1945 shirika la kura za maoni la IFOP liliwauliza Wafaransa ni nchi gani iliyochangia zaidi kuishinda Ujerumani. Asilimia 57 walitaja Muungano wa Kisovieti, 20 Marekani, 12 Uingereza. Mwaka 2004 Marekani ilipata 58 na Wasovieti 20. Hapo katikati hakuna aliyegundua mapigano mapya ya 1944. Walioulizwa mwanzo walikuwa wametoka kuvifuatilia vita redioni, wakitegea sikio kujua mkombozi amefika mji gani. Walioulizwa baadaye walikulia upande mmoja wa Vita Baridi.

Mizani yangu ni swali moja: jeshi la Ujerumani lilivunjikia wapi? Lilivunjikia mashariki, na hapo sina mjadala. Sehemu kubwa mno ya wanajeshi wa Kijerumani waliokufa vitani, kama robo tatu hivi, walikufa wakipambana na Wasovieti. Chukua kiangazi cha 1944 peke yake. Tarehe 6 Juni Washirika walitua Normandy, pwani ya Ufaransa, tukio ambalo kila mtu analijua. Tarehe 22 Juni, miaka mitatu kamili tangu Hitler avamie, Jeshi Jekundu likaanzisha Operesheni Bagration huko Belarus, na ndani ya wiki chache kundi zima la majeshi ya Ujerumani lililokuwa katikati ya medani hiyo likasagika. Tarehe 17 Julai mateka wapatao 57,000 walitembezwa katikati ya Moscow, majenerali mbele, nyuma yao askari wachafu waliodhoofu. Watu walijaa pembeni mwa barabara, wengi wakitazama kimya. Safu ilipokwisha yakaja magari ya maji, yakaosha lami walipopita. Siku hiyohiyo, Wamarekani walikuwa bado wanaupigania mji wa Saint-Lô, mwendo mfupi tu kutoka ufukweni walikotua.

Gharama kwa Wasovieti katika vita vyote ilikuwa watu wapatao milioni 27, askari na raia. Marekani ilipoteza laki nne na ushee. Lakini msinielewe vibaya: sihesabu sifa kwa majeneza. Wasovieti wengi walikufa mwaka 1941 kwa sababu Stalin alipuuza maonyo, na kabla ya hapo alikuwa amewaua makamanda wake mwenyewe. Kufa kwa uzembe wa mkubwa wako si mchango wa ushindi, ni msiba.

Sasa nije kwenye picha ninayoionyesha darasani. Ni ya gwaride la ushindi, Moscow, 24 Juni 1945. Katyusha zinapita Uwanja Mwekundu, yale magari ya roketi yaliyowatia Wajerumani kiwewe. Nawaambia wanafunzi waache kuangalia roketi, waangalie lori. Boneti ile, kioo kile, ni Studebaker, lori la tani mbili na nusu lililoundwa Marekani. Askari wa Kisovieti walilizoea kiasi cha kulikatia jina, wakaliita Studer. Minara mingi ya kumbukumbu iliyojengwa baadaye imezipandisha Katyusha juu ya malori ya Kisovieti, na sidhani kama ni bahati mbaya.

Kwa mpango wa Lend-Lease, wa kuwakopesha Washirika zana na mahitaji, Marekani iliwapelekea Wasovieti malori na jipu zaidi ya 400,000, vichwa vya treni karibu 2,000, mamilioni ya jozi za viatu, mafuta ya ndege, na chakula cha kopo kwa shehena. Kabla ya Normandy, Stalin alikuwa akidai kila siku Washirika wafungue medani ya pili Ulaya. Askari wake, wakifungua kopo la nyama kutoka Marekani, walitaniana: haya, tunafungua medani ya pili.

Watetezi wa Urusi hunijibu kwamba sehemu kubwa ya mzigo huo ilifika baada ya mapigano ya Stalingrad, mji ulio kando ya mto Volga. Ni kweli. Moscow iliokolewa Desemba 1941 hasa kwa nguvu za Wasovieti wenyewe, na Stalingrad kwa kiasi kikubwa vilevile. Lakini kuzuia na kufukuza ni kazi mbili. Anayezuia anakaa karibu na ghala lake. Anayefukuza kila siku ghala linabaki nyuma zaidi. Kutoka Volga hadi Berlin ni zaidi ya kilomita 2,000, na jeshi halifiki huko kwa miguu likiwa na risasi za kutosha. Wajerumani waliingia Urusi na farasi zaidi ya 600,000, na kufikia 1944 bado walikuwa wanavuta mizinga kwa farasi wakati waliowafuata wako kwenye Studer. Tena, viwanda vya Kisovieti viliweza kumwaga vifaru kwa sababu havikulazimika kuunda malori na treni nyingi.

Kwa hiyo, Ulaya, naweka hivi: Wasovieti ndio waliolivunja jeshi la Hitler. Bila Marekani wangelivunja kwa kuchelewa mno, au wangeishiwa pumzi njiani. Uingereza sifa yake kubwa ni ya 1940, kukataa kusalimu amri wakati Ufaransa imeanguka. Ingekubali, Wamarekani wasingekuwa na pa kuegesha jeshi la kutua Normandy. Wapolandi husahaulika: ni wanahisabati wao waliofumbua Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuandika ujumbe kwa siri, tangu 1932 na kuwakabidhi Waingereza na Wafaransa ujuzi huo Julai 1939.

Nikiwataja Wapolandi, lazima nipite Tengeru, nje kidogo ya Arusha. Kuna makaburi pale, zaidi ya mia, yenye misalaba na majina ya Kipolandi. Kambi ya Tengeru ilihifadhi wakimbizi wapatao 5,000, wengi wanawake na watoto. Hawakumkimbia Hitler. Ni Stalin aliyewang'oa makwao na kuwasomba hadi Siberia na Kazakhstan, baada ya kugawana Poland na Hitler Septemba 1939. Walipoachiliwa wakapitia Iran, wakaishia kwenye kahawa na migomba ya Meru. Huyo Stalin ndiye mshindi ninayempa nafasi ya kwanza.

Pasifiki ni hesabu nyingine. Japani iliangushwa hasa na Marekani, kwa meli, nyambizi na ndege. China inastahili zaidi ya inachopewa, maana ilipigana tangu Julai 1937 na kufunga sehemu kubwa ya jeshi la nchi kavu la Japani.

Kinachonisumbua ni hilo neno "nchi". Urani nyingi iliyotumika kutengeneza mabomu ya atomiki ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, huko Kongo iliyokuwa koloni la Ubelgiji. Edgar Sengier, Mbelgiji aliyeiongoza kampuni ya mgodi, alipewa nishani na Marekani mwaka 1946. Wachimbaji wanahesabiwa chini ya Ubelgiji. Keya zetu, askari Waafrika wa King's African Rifles, nao wako chini ya Uingereza. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ilishuka bonde la Kabaw huko Burma (Myanmar ya leo) katikati ya msimu wa mvua wa 1944, kwenye tope na malaria, ikiwasukuma Wajapani hadi mto Chindwin.

Waliokufa Burma bila kaburi majina yao yamechongwa Taukkyan, karibu na Rangoon, kwenye nguzo zenye majina karibu 27,000. Hapo pameandikwa kwamba walikufa kwa ajili ya watu huru wote, kwa Kiingereza, Kiburma, Kihindi, Kiurdu na Kipunjabi.