Je, wajua kwa nini watengenezaji wa programu husema "debug"?

Mwandishi wa programu za kompyuta akikuambia kwamba amekesha "akidibagi", maana yake ni kwamba usiku kucha alikuwa akitafuta kosa lililojificha ndani ya kazi yake mwenyewe ili aliondoe. Neno hilo la Kiingereza, debug, lina vipande viwili: bug, yaani mdudu, na kiambishi de-, ambacho hapa kinaleta maana ya kuondoa. Ni kutoa wadudu, kama mtu anavyotoa kunguni kitandani. Je, mdudu huyo aliingiaje kwenye kompyuta?

Jibu linalosimuliwa zaidi ni la nondo, yule mdudu wa usiku anayefanana na kipepeo, si nondo za zege. Tarehe 9 Septemba 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, wahudumu wa kompyuta iliyoitwa Mark II walimkuta nondo amenasa ndani ya mashine hiyo, ambayo ilifanya hesabu kwa swichi za umeme ziitwazo relei. Walimtoa kwenye relei namba 70, wakambandika kwa utepe wa gundi katika daftari la kazi, kisha wakaandika kwamba hicho ndicho kisa cha kwanza cha mdudu halisi kupatikana. Daftari hilo, pamoja na nondo wake, limehifadhiwa na makumbusho ya taasisi ya Smithsonian. Grace Hopper, mwanahisabati wa Jeshi la Wanamaji aliyefanya kazi katika kompyuta za Harvard, alikipenda mno kisa hiki na kukisimulia mara nyingi, hata wengi wakaamini kwamba ndiye aliyebuni neno lenyewe.

Lakini hebu lisome tena lile neno "halisi". Mtu hawezi kuandika kwamba amepata mdudu halisi isipokuwa kama amezoea kusikia habari za wadudu wasio halisi, na hapo ndipo utani wa wahudumu wale ulipolala. Mwaka 1878, katika barua aliyomwandikia mshirika wake Theodore Puskás, mvumbuzi Thomas Edison alikwisha kutumia jina la wadudu kwa kasoro na matatizo madogo madogo yanayojitokeza uvumbuzi unapojaribiwa. Kitenzi chenyewe kilikuwa kimechapishwa mwaka 1945 katika jarida la Uingereza la uhandisi wa ndege. Kwa hiyo nondo hakulizaa neno, alilikuta.

Kwa Mswahili, sitiari hii haina ugeni wowote. Jino likitoboka husemwa limeliwa na wadudu, ingawa hakuna aliyewaona. Kinachoonekana ni tundu na maumivu tu. Hitilafu ya programu nayo huanza kuonekana kwa madhara yake, na ndiyo sababu debug si sawa kabisa na kurekebisha.

Chukua programu ya kikoba chenye wanachama 30, kila mmoja akichanga shilingi 10,000. Jumla inapaswa kuwa 300,000, lakini kioo kinaonyesha 290,000. Anayeongeza 10,000 mwishoni ili hesabu ikubali hajadibagi kitu. Ameficha ugonjwa, na mwezi ambao mchango utapanda, kosa litarudi. Anayedibagi huiamuru programu itaje kila jina linapohesabiwa, na hapo hugundua kwamba orodha huanzia namba 0, ilhali hesabu yake inaanzia namba 1, hivyo mwanachama wa kwanza anarukwa kila mara. Marekebisho yenyewe ni tarakimu moja tu. Kazi ilikuwa kumtafuta mdudu.

Katika matumizi, kwa kawaida Kiingereza hudibagi programu au mashine, ingawa wapo wanaosema pia kwamba wanadibagi tatizo. Kosa hurekebishwa, programu hudibagiwa. Hata programu maalumu zinazosaidia kazi hiyo, zinazomwezesha mtu kuisimamisha programu yake katikati na kuchungulia kila thamani iliyomo, zimepewa jina linalotokana na kitenzi hichohicho. Nje ya kompyuta, bug ni pia kinasa sauti kilichofichwa ili kusikiliza mazungumzo ya watu kwa siri, kwa hiyo mpelelezi anayesema amedibagi chumba huenda hajagusa kompyuta yoyote: amepekua taa, simu na miguu ya meza mpaka akaking'oa.