Kifaa kibaki nyumbani, kisitoke kwenda kwenye intaneti

Printa hupokea waraka kutoka kwenye kompyuta iliyo chumba cha pili. Kazi hiyo huanzia na kuishia ndani ya nyumba, wala haihitaji intaneti. Hata hivyo printa hiyohiyo, pamoja na kamera ya ulinzi na runinga janja, ikishaunganishwa na ruta, kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, hupata ruhusa ya kuwasiliana na seva yoyote duniani, yaani kompyuta za mbali zinazotoa huduma. Ruta nyingi za nyumbani huwakagua wanaobisha kutoka nje, lakini walio ndani huwaacha watoke wapendavyo.

Uhuru huo una gharama. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta nyingi kwa kujaribu tu manenosiri ya kiwandani ambayo wenye vifaa hawakuyabadilisha. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa vilivyotekwa viliishambulia Dyn, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikihudumia majina ya tovuti, na kwa saa kadhaa watu wengi walishindwa kufungua Twitter na Netflix. Kamera isiyo na njia ya kutoka nje haiwezi kutumwa kazi ya namna hiyo.

Wengi wanaotaka kukifungia kifaa intaneti tu, kiendelee kutumika nyumbani, hukosea hapa: hufungua mipangilio ya Wi-Fi na kukipiga kifaa marufuku kabisa. Matokeo yake printa hupotea hata kwa kompyuta za nyumbani. Wengine hukihamishia kwenye mtandao wa wageni, ambao kwa kawaida hufanya kinyume cha wanachotaka, kwani humpa mgeni intaneti na kumtenga na vifaa vya ndani. Unachotafuta ni sehemu ya ruta inayodhibiti matumizi ya intaneti kwa kila kifaa. Mara nyingi imewekwa chini ya udhibiti wa wazazi, jina linalowafanya wasio na watoto wasiiguse.

Ukurasa wa ruta hufunguliwa kwa kivinjari, mara nyingi kwenye 192.168.0.1 au 192.168.1.1, anwani kamili huandikwa kwenye kibandiko cha ruta. Humo utakuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa, kila kimoja na anwani yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kifaa kwenye mtandao, yenye herufi na tarakimu 12. Kifungie kifaa intaneti kwa anwani hiyo. Ruta ikikubali anwani ya IP peke yake, yaani namba ambayo ruta hukipa kifaa kinapojiunga, kwanza kitengee kifaa IP ya kudumu, la sivyo kesho huenda kikapewa nyingine na katazo likamwangukia asiyehusika. Simu zina ujanja wake: tangu Android 10 na iOS 14, hutumia MAC ya kubuni kwenye Wi-Fi, hivyo kwa simu au tableti uzime kwanza mpangilio huo kwa mtandao wa nyumbani.

Kuna pia mlango wa uani, nao ni IPv6, mfumo mpya wa anwani za IP unaotumika sambamba na ule wa zamani, IPv4. Katazo lililoandikwa kwa anwani kama 192.168.1.50 linahusu IPv4 tu. Kifaa chenye anwani za aina zote mbili kinaweza kuendelea kutoka bila wasiwasi. Kuzuia majina ya tovuti kwa DNS, huduma inayogeuza majina hayo kuwa anwani za IP, nako hakutoshi, maana baadhi ya vifaa hubeba anwani za seva zao ndani kwa ndani.

Usiamini alama ya tiki kwenye ukurasa wa ruta. Zima Wi-Fi ya simu, tumia data ya simu, kisha fungua programu ya kamera. Picha ikionekana, katazo halijafanya kazi. Rudisha Wi-Fi ujaribu tena. Ikigoma hata ukiwa nyumbani, huenda kamera hiyo hupitisha kila kitu kwenye seva ya mtengenezaji, na hapo utachagua kuiruhusu au kununua inayotazamwa moja kwa moja kwenye mtandao wa ndani.

Kifaa kilichofungwa hakipati masasisho, na saa yake inaweza kuanza kupotea, jambo baya kwa kamera ambayo rekodi zake zinategemea tarehe. Kifungulie kwa muda, kisasishe, ukifunge tena. Ambacho mtengenezaji ameacha kukitolea masasisho, usikifungulie.