Je, wajua kwa nini kikokotoo cha grafu huchora mstari usiokuwepo?

Chukua TI-84 Plus, kikokotoo cha kampuni ya Texas Instruments (TI), ile yenye skrini isiyo na rangi, andika y = 1/(x−2), kisha iagize ichore katika dirisha la kawaida, yaani x na y zote kutoka −10 hadi 10. Mikono miwili ya grafu itatokea kama inavyotakiwa. Lakini karibu na x = 2 utaona pia mstari uliosimama wima, nao hauna haki ya kuwa pale. x ikiwa 2 tunagawanya kwa sifuri, kwa hiyo hapo hakuna grafu ya kuchorwa. Mstari umetoka wapi?

Umetoka kwenye namna mashine inavyofanya kazi. Kikokotoo hakijui umbo la grafu unayoitaka. Kinachokifanya ni kutafuta y mara moja kwa kila safu wima ya nukta za skrini, kisha kuunganisha kila nukta na jirani yake. Skrini ya TI-84 Plus ina nukta 96 kwa 64, na upana wa grafu hutumia 95. Nukta 95 zina nafasi 94 kati yake, kwa hiyo kutoka −10 hadi 10 kila hatua ni 20 kugawanya kwa 94, karibu 0.213. Nukta moja inaangukia x = 1.915, inayofuata inaangukia 2.128. Ya kwanza inatoa y ya karibu −11.7, ya pili 7.8. Mashine haina habari kwamba katikati hapo kuna shimo, basi inaziunganisha. Ile 2 yenyewe haikuguswa kabisa.

Sasa ingia kwenye menyu ya ZOOM uchague ZDecimal. Dirisha linakuwa kutoka −4.7 hadi 4.7, namba ambayo wanafunzi wengi huiona ya ajabu. Si ya ajabu: 9.4 gawanya kwa 94 ni 0.1 kamili. Safari hii nukta moja inatua juu ya 2 barabara, hesabu inakataa, mashine inaacha pengo na mstari wa uongo unatoweka. Mlinganyo ni uleule, majibu ya macho ni mawili.

Kuna mfano ninaoupenda zaidi. Dirisha la trigonometria la mashine hiyohiyo lina hatua ya π/24. Iweke kwenye radiani, andika y = sin(48x), na utapata mstari bapa juu ya mhimili wa x, kana kwamba jibu ni sifuri kila mahali. Kila nukta inayohesabiwa ni kigawe cha π/24, na 48 mara π/24 ni 2π, mzunguko mzima, ambako sini ni sifuri. Wimbi lipo na linapanda na kushuka kwa kasi, ila mashine inalichungulia pale tu linapokata mhimili. Ukiandika sin(49x) itakuonyesha sin x, bila aibu.

Kwa hiyo mtu akikuambia ununue chenye skrini kali zaidi, ana hoja, ila nusu. TI-84 Plus CE ya mwaka 2015 ina nukta 320 kwa 240 na rangi. Casio fx-CG50 ina 384 kwa 216. Casio ya kwanza ya aina hii, fx-7000G ya mwaka 1985, ndiyo iliyofungua soko la vikokotoo vya grafu, na skrini yake ilikuwa 96 kwa 64. Nukta zikiongezeka makosa hupungua lakini hayaishi, maana njia ni ileile. Rangi inasaidia kweli pale grafu tatu zinapokatana. Hata hivyo, hilo si swali la kwanza la mnunuzi.

Swali la kwanza ni hili: mashine inahesabu namba tu, au inafanya aljebra ya herufi? Zile za pili huitwa CAS, na tofauti yake ni kubwa. Iulize TI-84 mteremko wa grafu ya x³ pale x inapokuwa 2, kwa kutumia nDeriv, amri yake ya kutafuta mteremko. Jibu sahihi ni 12. Yenyewe itakuambia 12.000001, kwa sababu imechukua nukta mbili zilizo karibu sana, moja kila upande, ikapima mteremko kati yake. Iulize TI-89 au TI-Nspire CX CAS, ambazo ni mashine za CAS, swali la x³ na itakujibu 3x², kama ambavyo mwalimu angeandika ubaoni. Iulize x² = 2 na itakupa √2 na −√2, si mkia wa desimali.

Unaweza kudhani basi CAS ndiyo bora. Kwa mwanafunzi wa sekondari mara nyingi sivyo, na sababu ni chumba cha mtihani. Mtihani wa ACT, wa kuingia chuo Marekani, unazikataa mashine za CAS, na IB, programu ya kimataifa ya sekondari, vilevile. AP Calculus, mtihani wa Marekani wa kalkulasi ya ngazi ya chuo kwa wanafunzi wa sekondari, inaziruhusu. Tena tangu 1995 mtihani huo unakutaka utumie kikokotoo cha grafu, kwa kazi nne: kuchora grafu, kutafuta inapokata sifuri, kupata mteremko kwa namba, na kupata eneo lililo chini ya grafu kwa namba. Kazi zote hizo mashine isiyo na CAS inaziweza. Kichekesho ni kwamba AP iliikataa TI-92, iliyotoka 1995, kwa sababu ya kibodi yake ya herufi kama ya kompyuta, huku TI-89 ya 1998, yenye uwezo karibu sawa lakini vitufe vya kawaida, ikikubaliwa. Sheria hizi hubadilika, basi soma za mwaka utakaofanya mtihani, na uangalie kama unahitaji modeli yenye hali ya mtihani, ile inayofunga programu zilizohifadhiwa na kuwasha taa ili msimamizi aone.

Swali la pili ni mwalimu wako anatumia ipi. Hili watu hulidharau. Njia ya vitufe ya Casio si ya TI, na ya NumWorks, kampuni nyingine ya vikokotoo, ni tofauti kabisa. Ukiwa peke yako darasani na mashine tofauti, utatumia muda wa somo kutafuta menyu.

Na pengine huihitaji. SAT ya kidijitali, mtihani mwingine wa kuingia chuo Marekani, ina Desmos, programu ya kuchora grafu, ndani yake, na nyumbani Desmos au GeoGebra kwenye simu huchora vizuri kuliko mashine yoyote ya mkononi. Kikokotoo bado kinanunuliwa hasa kwa sababu simu hairuhusiwi kwenye mtihani. Chuoni, kozi nyingi za kalkulasi hukataza vikokotoo kwenye mtihani, na wanaoenda uhandisi huhamia kwenye kompyuta, kwa MATLAB au Python, zana za kuandikia programu za hesabu. Ndiyo maana sioni sababu ya kununua mashine ghali ukiwa sekondari kwa hoja ya kwamba “itanifaa chuoni”. Subiri uone mhadhiri anataka nini.

Kilichotumika hakina ubaya. TI-84 Plus ya 2004 inatumia betri nne ndogo za AAA, na mlinganyo wa sekondari haujabadilika tangu hapo. Fungua kifuniko cha betri utazame kama kuna ukoko mweupe au wa kijani kwenye vyuma. Bonyeza kila kitufe. Kisha chora y = x na uufuate mstari kutoka kona hadi kona: ukikatika mahali, safu ya nukta imekufa, na hapo grafu zako zote zitakuwa na pengo.