Je, wajua kwa nini fundi wa vifaa vya ugunduzi jeshini huogopa kifaa kilichonyamaza?

Ukipeleka redio kwa fundi pale Majengo, Dodoma, huna haja ya kueleza mengi. Anaiwasha, haiongei, yamekwisha. Feni isiyozunguka, pasi isiyopata moto, simu isiyochaji, vyote vinajishtaki vyenyewe. Lakini iko karakana ambayo mambo ni kinyume. Kifaa cha kutambulia mabomu yaliyotegwa ardhini kikiharibika, mara nyingi hakitoi moshi wala harufu ya waya ulioungua. Kinakaa kimya tu. Na kwa askari aliyekishika katikati ya eneo lenye mabomu, kimya kina maana moja: pita, hapa hakuna kitu.

Ndiyo sababu ya hofu hiyo. Mlinzi aliyelala lindoni na mlinzi ambaye hajaona mwizi wote hawapigi filimbi, na ukiwa ndani ya nyumba huwezi kuwatofautisha. Fundi wa vipima metali, vipima mionzi, vipima kemikali na rada anaishi na tatizo hilo kila siku. Saa anazotumia kuhakikisha kwamba kifaa kiko macho ni nyingi kuliko saa za kushika solda.

Tuanze na kipima metali, maana ndicho wengi wamekiona, iwe getini kwenye ofisi za serikali au mikononi mwa wachimbaji wadogo wanaosaka dhahabu Singida. Ile sahani ya mviringo inayopitishwa juu ya ardhi ina koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa. Umeme ukipita humo kwa kubadilika-badilika, unazaa uga wa sumaku unaopenya udongoni. Uga huo ukigusa metali, ndani ya metali huzuka mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo nayo hutoa sumaku yake hafifu inayorudi juu. Kifaa hunasa marejeo hayo na kuyageuza kuwa mlio. Kazi ngumu iko kwenye uhafifu wake: mabomu mengi ya kukanyaga yametengenezwa kwa plastiki, na metali yote iliyomo inaweza isifike gramu moja.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, madaktari wakashindwa kujua risasi imejificha wapi mwilini. Alexander Graham Bell, yule wa simu, akaja na chombo alichokibuni kuitafuta. Alikijaribu kabla, kikafanya kazi. Kitandani kwa rais kikatoa sauti zisizoeleweka, na baadaye ikabainika kwamba chini ya godoro kulikuwa na nyaya za chuma. Garfield alifariki. Nakipenda kisa hiki kwa sababu chombo cha Bell kilikuwa kizima kabisa. Kilichomwangusha ni mazingira ya mahali kilipotumika, na hilo ni nusu ya malalamiko yanayofika karakana hadi leo.

Kipima mabomu cha kubebwa mkononi kilichokubalika vitani kilibuniwa mwaka 1941 na Józef Kosacki, ofisa wa Poland aliyekuwa uhamishoni Uingereza. Hakuchukua hataza, aliwapa Waingereza bure. Vifaa vyake 500 vilitumika El Alamein nchini Misri mwaka 1942 kufungua njia kwenye mabomu yaliyotandazwa jangwani. Kila kimoja kilikaribia kilo 14. Hebu fikiria kukizungusha kushoto na kulia asubuhi nzima.

Turudi kwetu. Udongo mwekundu wa nyanda za kati ni mtihani kwa kifaa cha namna hii, ingawa wengi humlaumu mshtakiwa asiye na kosa. Wekundu hutokana zaidi na hematiti, aina ya kutu ya chuma ambayo sumaku yake ni dhaifu. Wakorofi ni ndugu zake wawili, magnetiti na maghemiti, ambao huwamo kwa kiasi kidogo bila kuonekana kwa macho. Chembe zao ndogo zikipigwa na uga wa sumaku, nyingine huchelewa kurudi katika hali yake ya kwanza baada ya uga kukatika. Kuchelewa huko kwa sehemu ndogo mno za sekunde hufanana na jibu la metali, kwa hiyo kifaa hulia.

Kuna jambo ambalo hata mafundi wapya huwashangaza. Udongo ukipata moto pamoja na majani au kuni, sehemu ya madini yake ya chuma hugeuka kuwa maghemiti. Kwa hiyo mahali palipokuwa na tanuru la mkaa miaka iliyopita, pamefukiwa na pameota nyasi, panaweza kukipigisha kelele kipima metali ingawa hapana hata msumari. Anayejua mashamba ya Chamwino au Manyoni anaelewa matanuru ya namna hiyo si haba.

Vifaa vya kisasa vina njia ya kuzoeshwa udongo wa mahali: unakiweka juu ya ardhi safi, unabonyeza, kinajifunza kelele ya udongo ule na kuipuuza. Lakini kila kelele unayoipuuza, unapunguza kidogo uwezo wa kusikia kile unachokitafuta. Askari anayechoshwa na milio ya uongo huteremsha usikivu zaidi na zaidi hadi kifaa kitulie. Kisha anakirudisha karakana akisema kinafanya kazi vizuri sana siku hizi, hakisumbui. Fundi mwenye akili husikia sentensi hiyo kama taarifa ya hitilafu.

Basi anathibitishaje? Vifaa vingi vya kutafutia mabomu hutoa mlio mdogo wa kudundadunda kila baada ya muda, ili mtumiaji ajue kiko hai. Ni msaada, lakini mlio ule unaweza kuthibitisha tu kwamba betri ina nguvu na saketi inafanya kazi. Hausemi lolote kuhusu koili. Koili ndiyo inayokokotwa ardhini, inayogongwa na mawe, na waya wake hukunjwa mara maelfu pale unapoingia kwenye sahani. Waya wa shaba hukatika ndani huku ganda la nje likiwa zima. Ukiunyoosha ncha zinagusana na kila kitu kinapima sawa, ukiukunja zinaachana. Ndiyo maana utamwona fundi amefunga mita yake na anaukunjakunja waya taratibu, sentimita baada ya sentimita, jicho halitoki kwenye kioo.

Baada ya hapo huja kipande cha majaribio: shabaha ndogo inayojulikana ukubwa na metali yake, kwa mfano gololi ya chuma ya milimita 10. Inawekwa umbali uliopimwa, kifaa kinapitishwa, na umbali kinaposhindwa kuiona unaandikwa daftarini. Mtumiaji naye hurudia jaribio la namna hiyo uwanjani kila siku kabla ya kuanza kazi, kwenye udongo wa pale pale. Meza ya karakana haina maghemiti.

Kipima mionzi kina tabia tofauti, na kwa maoni yangu ndicho kinachofundisha zaidi. Ndani yake kuna mrija wa Geiger na Müller, uliokamilishwa na Wajerumani hao wawili mwaka 1928. Mrija una gesi na umeme wa mamia ya volti. Mwali mmoja wa mionzi ukipita, gesi huachia kishindo kidogo cha umeme, nawe unasikia "tik". Hiki, kikiwa kizima, hakinyamazi kabisa popote duniani, kwa kuwa ardhi yenyewe ina urani, thoriamu na potasiamu kidogo. Majabali ya graniti yaliyotapakaa Dodoma na Singida huwa nayo zaidi kuliko miamba mingi, na Bahi na Manyoni ni maeneo ambako utafiti wa urani umefanyika. Kwa hiyo kipima mionzi kilichokaa kimya kabisa juu ya jabali la graniti kimeshakiri kwamba kimekufa.

Hatari yake iko upande wa pili. Baada ya kila "tik" mrija hupumzika kwa muda mfupi sana, kiasi cha sehemu 100 za milioni ya sekunde. Mionzi ikiwa mingi mno, mrija haupati nafasi ya kupumzika, na baadhi ya vifaa vya zamani hushuka hadi kuonyesha sifuri mahali pa kuua mtu. Vingine hugota kwenye ukomo wao. Kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, kilipolipuka mwaka 1986, vipima mionzi vilivyokuwa karibu viliishia rentgeni 3.6 kwa saa (rentgeni ni kizio cha mionzi), namba hiyo ikaripotiwa kwa wakubwa kana kwamba ndiyo hali halisi, wakati sehemu nyingine za kinu kilicholipuka zilikuwa na maelfu. Kwa sababu hiyo kipima mionzi hakijaribiwi kwa "tik" za kawaida peke yake. Hupelekwa mbele ya chanzo cha mionzi chenye nguvu inayojulikana, mara nyingi Sezi-137, na hata chanzo hicho hupigiwa hesabu upya kila mara, maana nguvu yake hupungua nusu kila miaka 30 hivi. Hapa nchini masuala ya mionzi yako chini ya Tume ya Nguvu za Atomu.

Dodoma yenyewe ina adui wake. Mvua ni chache, huja kati ya Desemba na Aprili, na kiangazi upepo huvuma mkavu hadi midomo ikapasuka. Hewa ya namna hiyo hulea umeme tuli. Mtu huanza kuuhisi mshtuko ukifika takriban volti 3,000, lakini kuna vijenzi vya kielektroniki vinavyoumia chini ya volti 100. Maana yake fundi anaweza kuua saketi kwa kidole bila kuhisi lolote. Mbaya zaidi ni kijenzi kilichojeruhiwa tu: kinafaulu majaribio yote leo, kisha kinakata roho wiki ya tatu mikononi mwa askari. Dawa ni kuvaa bangili iliyounganishwa na waya wa ardhi, lakini ardhi kavu nayo haipitishi umeme vizuri, ndiyo maana mafundi umeme hufukia nondo ya ardhi pamoja na mkaa na chumvi, na kuimwagia maji.

Rada nayo? Ukiitaja Tanzania, watu hukumbuka kwanza "chenji ya rada", zile pauni milioni 29.5 ambazo kampuni ya Uingereza ya BAE Systems ililipa baada ya sakata la rada ya pauni milioni 28, zikaenda kwenye vitabu na madawati. Kwa fundi, jambo la kwanza kuhusu rada ni kwamba kuizima hakutoshi. Kapasita zake huhifadhi umeme wa kuua hata baada ya swichi kukatwa, na hakuna anayeingiza mkono kabla ya kuzigusisha na fimbo maalumu yenye mpini usiopitisha umeme, ili zimwage mzigo wote ardhini.

Yupo pia mgunduzi asiye na koili wala betri. Panya buku wanaofunzwa na shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, hunusa baruti yenyewe, hivyo udongo mwekundu na misumari iliyozagaa haviwahusu. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu ya ushujaa mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Lakini hata panya hupitishwa kwenye mtihani, katika uwanja uliofukiwa mabomu yaliyozimwa ambayo wakaguzi wanajua yalipo. Akikosa hata moja, hapewi kibali.

Kijana wa Dodoma anayeitaka kazi hii huanza na fizikia na hisabati, kisha elektroniki VETA au UDOM. JWTZ likitangaza nafasi, kwa kawaida hutaka waliopitia JKT, na kambi ya Makutupora haiko mbali na mjini. Solda atajifunza haraka. Kitakachomchukua muda ni kuzoea kukirudisha mezani kifaa ambacho askari aliyekileta anaapa kwamba ni kizima.