Siku salama ni siku zipi?

Muuza mitumba mmoja wa Kibuye alinifungulia daftari juu ya kaunta, lile dogo la kuandikia madeni ya wateja. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na nambari sita kwa kalamu ya bluu, siku za mizunguko yake sita ya hedhi: 27, 33, 25, 30, 28, 29. Chini yake, kwa herufi kubwa: SIKU YA 14.

"Daktari, niangalizie. Huyu kitindamimba wangu alikuja nikiwa siku salama."

(Kisumu, yeyote anayesimama nyuma ya kaunta ya kemisti ni daktari, hata kijana wa kubeba katoni.)

Watu wakisema siku salama wanamaanisha zile siku ambazo mwanamke akikutana na mwanamume hashiki mimba. Siku hizo zipo kweli. Kwa kawaida yai moja hupevuka na kutoka kwenye ovari mara moja kwa kila mzunguko. Huishi saa 12 hadi 24, na lisipokutana na mbegu hufa. Mbegu za kiume ni sugu zaidi: zikipata ule ute laini wa ukeni zinaweza kungoja hadi siku 5. Kwa hiyo mlango wa mimba huwa wazi siku 6 hivi, yaani siku 5 kabla ya yai kutoka na siku yenyewe. Siku nyingine umefungwa. Tabu ni kwamba haubandikwi tangazo.

Sasa hiyo 14, ambayo watu hudai ndiyo siku ya yai kutoka kwa kila mwanamke. Nambari yenyewe si uongo, ila imesimamishwa mahali si pake. Katika miaka ya 1920 madaktari wawili, Kyusaku Ogino wa Japani na Hermann Knaus wa Austria, waligundua kila mmoja kivyake kwamba siku ya yai kutoka huhesabiwa kutoka hedhi inayokuja, si ile iliyopita. Kutoka yai linapotoka hadi damu nyingine ianze ni kama siku 14, na kipindi hicho hakibadiliki sana. Kinachorefuka na kufupika ni kile cha mbele yake. Mwenye mzunguko wa siku 28, yai hutoka karibu na siku ya 14. Mwenye 35, karibu na siku ya 21. Mwenye 24, siku ya 10.

Yaani unahesabu ukirudi nyuma kutoka tarehe ambayo haijafika. Ni kama kuambiwa ushuke stendi moja kabla ya mwisho wa safari, na hujui kama leo matatu inaishia Kondele au inaendelea hadi Mamboleo.

Hapo ndipo linapojibika swali ambalo watu huniuliza kwa sauti ya chini wakijifanya wanatafuta dawa ya mafua: mtu anaweza kushika mimba akikutana na mwanamume hedhini? Anaweza. Mwenye mzunguko wa siku 24 akikutana na mumewe siku ya 5, damu ikiwa bado inamalizika, mbegu zinaweza kungoja hadi siku ya 10. Si kawaida ya kila mtu, lakini wanaosema haiwezekani kabisa wanadanganya.

Nikachukua kalamu ya yule muuza mitumba. Ukishaandika mizunguko isiyopungua sita, kila mmoja ukihesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya damu hadi siku iliyotangulia damu nyingine, unachukua mfupi kuliko yote na kutoa 18. Wake ni 25, kwa hiyo 7. Kisha mrefu kuliko yote unatoa 11. Wake ni 33, kwa hiyo 22. Basi kuanzia siku ya 7 hadi ya 22 mlango uhesabiwe kuwa wazi.

Alizitazama nambari hizo, kisha akanitazama mimi. "Siku kumi na sita? Sasa huyo mume nimpeleke wapi?"

Nilimwambia za shanga pia. Kuna mkufu wa shanga 32: moja nyekundu ya siku ya kwanza ya damu, nyeupe 12 za siku ya 8 hadi ya 19, na nyingine za kahawia. Kila siku unasogeza kipete shanga moja. Ni kitu kizuri kwa wanaopenda kuona kuliko kupiga hesabu, lakini ni cha wenye mizunguko ya siku 26 hadi 32. Yeye ana 25 na 33, haumfai. Na hata kwa wale unaowafaa, katika wanawake 100 wanaoutumia mwaka mzima kwa uangalifu wa watu wa kawaida, 12 hivi hushika mimba. Mimi naona neno "salama" ni kubwa mno kwa kitu cha namna hiyo. Tena halihusu kabisa virusi vya Ukimwi, kisonono wala kaswende. Hayo hayana siku. Kondomu inahitajika tarehe yoyote.

Anayenyonyesha yuko pabaya zaidi kwa kalenda, maana yai la kwanza baada ya kujifungua linaweza kutoka kabla hajaona damu. Kunyonyesha huzuia mimba vizuri ikiwa mtoto hajafika miezi 6, ananyonya tu bila uji wala maji, mchana na usiku, na hedhi haijarudi. Likikosekana moja katika hayo matatu, kinga imekwisha.

Na P2, tembe ya dharura ya kuzuia mimba baada ya tendo? Hufanya kazi kwa kuchelewesha yai lisitoke. Humezwa mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72. Yai likishatoka haisaidii sana, na mimba iliyokwisha kujishikiza haiitoi. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba inaweza kusogeza hedhi inayofuata, kwa hiyo anayemeza P2 huku akihesabu siku ameivuruga kalenda yake mwenyewe. Kuruka-ruka au kujiosha kwa soda baada ya tendo hakusaidii kitu. Mbegu huwa zimeshapita mlango wa kizazi dakika chache tu.

Siku hizohizo za mlango wazi, kwa mwingine, ndizo anazozitafuta. Mke wa dereva wa trela anayelala Salgaa leo na Malaba kesho anaweza kumaliza mwaka bila mimba, wala hakuna mgonjwa kati yao. Usiku mbili za nyumbani zimekuwa zikiangukia mlango umefungwa. Huyo namwambia aangalie ute: ukianza kuteleza na kuvutika kama ute wa yai bichi la kuku, yai lake liko karibu. Wanaoishi pamoja hawana haja ya hesabu yote hiyo, kila baada ya siku 2 au 3 inatosha. Mwaka ukiisha bila kitu, au miezi 6 kwa aliyefika miaka 35, waende kupimwa wote wawili. Nimesema wote wawili.

Yule wa Kibuye aliondoka na pakiti ya kondomu na daftari lake, akisema atamleta mumewe tuzungumze habari ya kipandikizi. Mwezi uliofuata alirudi, bila mume, na nambari ya saba: 36. Tukafuta 22, tukaandika 25.