Dawa za shambani kwenye maji ya kisima: maswali na majibu kuhusu chujio la mkaa

Kisima chetu kiko chini ya mashamba ya nyanya. Tukichemsha maji, dawa si zinaisha?

Haziishi. Kuchemsha kunaua vijidudu. Viuatilifu vingi havitoki kwa moto wa jikoni, na maji yakipungua kwa mvuke, dawa hubaki kwenye maji machache zaidi. Kinachozipunguza nyumbani ni mkaa ulioamilishwa.

Huo si ndio mkaa wa gunia?

Ni ndugu tu. Vifuu vya nazi, mbao au makaa ya mawe huchomwa bila hewa, kisha hupigwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 hadi 1,000 za Selsiasi. Mvuke hula kaboni na kuacha vitundu visivyoonekana, kiasi kwamba gramu moja huwa na kuta za ndani zenye eneo la mita za mraba 500 hadi 1,500. Dawa hunata kwenye kuta hizo. Mkaa wa gunia hunasa kidogo, na kiasi chake hakitabiriki. Ule wa kubanwa usiuguse kabisa, maana una udongo na gundi. Dukani ulizia kiwango cha iodini (kipimo cha uwezo wa mkaa kunasa vitu) cha miligramu 900 kwa gramu au zaidi, chembe za milimita 0.5 hadi 2. Unga utaziba.

Chujio linatengenezwaje?

Chukua bomba la plastiki la maji ya kunywa lenye upana wa ndani wa sm 10 na urefu wa mita 1.2. Ziba chini kwa kifuniko chenye tundu la mpira wa kutolea maji, wenye koki. Weka kokoto zilizooshwa sm 5, kitambaa cha nailoni, kisha mkaa hadi kimo cha sm 75, yaani karibu lita 6 au kilo 3. Juu weka kitambaa kingine na kokoto kidogo, maji yasichimbe shimo.

Kabla ya kuujaza, loweka mkaa usiku kucha. Ukiwa mkavu vitundu hujaa hewa na maji hupita pembeni. Usuuze mpaka maji meusi yaishe.

Mpira wa kutolea upandishe ubavuni hadi mdomo wake uwe juu kidogo ya usawa wa mkaa, ndipo uushushe kwenye ndoo. Hapo juu mpira unapopinda, utoboe tundu dogo la hewa, la sivyo mpira utanyonya maji yote na mkaa utakauka.

Maji yapite kwa kasi gani?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Maji yanahitaji kukaa na mkaa takriban dakika 15. Kwa lita 6 za mkaa, hiyo ni lita 24 kwa saa. Pima kwa kikombe cha mililita 200: kijae kwa sekunde 30. Kikijaa kwa sekunde 10, funga koki kidogo. Maji ya haraka hutoka meupe na matamu huku dawa imo, na ulimi hautakuambia.

Maji yetu yana tope. Tuyamwage hivyo hivyo?

Hapana, yapitishe kwanza kwenye chujio la mchanga. Tope huziba mkaa, na uozo wa majani, ule unaoyapa maji rangi ya chai, hugombania nafasi na dawa ndani ya vitundu.

Klorini iwekwe kabla au baada?

Baada. Mkaa huiharibu klorini papo hapo. Tena bakteria huota ndani ya mkaa wenyewe, hivyo maji yaliyotoka kwenye chujio yatiwe klorini au yachemshwe, yahifadhiwe kwenye ndoo yenye mfuniko na koki.

Kuna kisichonaswa?

Kipo. Atrazini, dawa ya magugu, na dawa za wadudu za jamii ya DDT hunaswa vizuri. Glaifoseti, inayotumika sana kuua magugu, hupenda maji kuliko mkaa na hupita kwa wingi. Chumvi na naitreti hupita pia. Floraidi ya Arusha na Nakuru huhitaji mkaa wa mifupa, ambao ni kitu kingine kabisa licha ya jina.

Tubadilishe lini?

Mkaa uliojaa haubadiliki rangi wala harufu, kwa hiyo hesabu maji. Kaya inayochuja lita 40 kwa siku hupitisha lita 14,600 kwa mwaka. Kwa maji maangavu tungebadilisha kila mwaka. Kwa yenye rangi ya chai, kila miezi mitatu. Kuanika juani au kuchemsha hakuufufui, maana kiwandani hurudishwa kwenye joto la nyuzi 800 hivi. Mkaa wa zamani usipikie.

Mwenye uwezo aunge mabomba mawili kwa kufuatana. La kwanza likifika muda, la pili lisogee mbele, na mkaa mpya uingie nyuma.

Chupa ya dawa imetumbukia kisimani. Chujio litatosha?

Halitatosha. Chujio hili ni la mabaki madogo. Acheni kisima hicho, tafuteni maji kwingine, na mtoe taarifa kwa afisa afya hadi maji yapimwe maabara.