Matabaka matatu ya kiinitete: mwili unavyopangwa kabla mama hajafika kliniki

Kiinitete ni binadamu katika wiki nane za kwanza tangu yai lirutubishwe. Baada ya hapo huitwa kijusi. Sehemu kubwa ya wiki hizo hupita mama akiendelea kupalilia mahindi Mbozi au kuuza duka Mafinga, na hedhi ikichelewa anajiambia ni uchovu tu. Kumbe ndani ya wiki nne za mwanzo ramani ya mwili imeshachorwa: kichwa kitakuwa wapi, upande upi ni kulia, seli zipi zitakuwa ngozi na zipi zitakuwa damu.

Tuelewane kwanza kwenye hesabu, maana hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Uende hospitali ya Meta pale Mbeya mjini au zahanati ya kijijini Makete, utaulizwa swali lilelile: hedhi yako ya mwisho ilianza tarehe ngapi? Mimba huhesabiwa kuanzia siku hiyo, ingawa yai hurutubishwa kama wiki mbili baadaye. Kadi ya kliniki ikiandikwa wiki 6, kiinitete kina umri wa wiki 4. Siku nitakazotaja humu ni za umri wa kiinitete chenyewe.

Yai likishatoka kwenye ovari huwa hai kwa saa 12 hadi 24 hivi. Mbegu za kiume huweza kudumu hata siku tano ndani ya mwanamke, ndiyo maana tendo la Jumatatu laweza kuleta mimba ya Alhamisi. Hukutana kwenye mrija wa uzazi, si ndani ya mji wa mimba kama wengi wanavyodhani. Mbegu moja ikishapenya, gamba la yai hubadilika na kuzifungia nje nyingine zote. Kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi, 23 za baba na 23 za mama zinakuwa 46 ndani ya seli moja, zaigoti. Jinsia imeshaamuliwa papo hapo, na iliyoamua ni mbegu ya baba. Wanaume wanaowasema wake zao kwa kuzaa mabinti watupu waisome sentensi hiyo mara mbili.

Baada ya takribani saa 24 hadi 30 zaigoti hugawanyika kuwa seli mbili, kisha nne, kisha nane. Kufikia siku ya nne ni kibonge cha seli 16 au zaidi, lakini kibonge chenyewe hakijakua hata kidogo. Chukua kiazi mviringo cha Njombe ukikate vipande viwili, vinne, vinane: vipande vinaongezeka, uzito ni uleule. Kiinitete bado kimebanwa ndani ya gamba la yai, lenye upana wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, na kinaishi kwa akiba iliyokuwamo ndani ya yai.

Siku ya tano seli zinagawana kazi kwa mara ya kwanza. Kibonge kinapata uwazi wenye majimaji na kuitwa blastosisti. Seli za ukingoni, trofoblasti, zitashiriki kujenga kondo la nyuma. Mtoto atatoka kwenye fungu dogo tu lililoganda upande mmoja wa ndani. Siku ya sita au ya saba blastosisti, ikiwa imeshatoka kwenye gamba, huanza kujichimbia kwenye ukuta wa mji wa mimba. Hapo ndipo homoni ya hCG inayotolewa na trofoblasti huingia kwenye damu ya mama na baadaye kwenye mkojo. Kipimo cha duka la dawa hutafuta homoni hiyo, kwa hiyo ukipima mapema mno hakitaona kitu hata kama yai limesharutubishwa.

Wiki ya pili nitaipita haraka: fungu la ndani linajilaza kuwa bamba la matabaka mawili, na mfuko wa maji ya uzazi unaanza kujitokeza juu yake.

Kazi nzito inaanza siku ya 15 hivi. Kwenye uso wa bamba hilo hutokea mfereji mwembamba, kuanzia upande wa nyuma kuelekea mbele, uitwao mstari wa awali. Seli za tabaka la juu huanza kuhama: zinasogea hadi kwenye mfereji, zinazama, kisha zinatandaa chini. Zinazotangulia huchukua nafasi ya tabaka la chini na kuwa endodermi. Zinazofuata hukaa katikati na kuwa mesodermi. Zilizobaki juu ni ektodermi. Kuhama huku kunaitwa gastrulasheni, na matabaka yote matatu yanatokana na lile moja la juu. Christian Pander aliyaeleza mwaka 1817 kwa kuchunguza mayai ya kuku, maana kifaranga naye huanza akiwa bamba juu ya kiini cha njano.

Mstari wa awali ni muhimu pia kwa kuelewa mapacha. Kiinitete kikigawanyika mapema, wanapatikana mapacha wa kufanana, kila mmoja na mwili wake. Kikichelewa hadi siku ya 13 au zaidi, mstari huo ukiwa karibu kujitokeza, mgawanyiko huweza kuishia njiani, na hayo ndiyo maelezo yanayotolewa zaidi kuhusu mapacha walioungana. Nyanda za juu kusini tunawakumbuka Maria na Consolata Mwakikuti, waliozaliwa Makete mwaka 1996, wakasoma hadi chuo kikuu, na kufariki Iringa Juni 2018. Watu walisema mengi juu yao, laana ikiwemo. Lililowatenganisha na mapacha wengine wa kufanana huenda lilikuwa siku chache za kuchelewa, wakati ambao mama yeyote bado hajajua kama ana mimba.

Kutoka kwenye yale matabaka matatu zinapatikana tishu, yaani makundi ya seli zinazofanya kazi moja. Mesodermi hutoa misuli, mifupa, moyo, damu na figo. Endodermi hutoa utando wa ndani wa utumbo na wa mapafu, pamoja na ini na kongosho. Ektodermi hutoa ngozi ya juu, nywele, kucha, na, usilolitarajia, ubongo na uti wa mgongo. Ogani moja, yaani kiungo kimoja cha mwili, huchanganya asili hizo: utumbo una utando wa endodermi, misuli ya mesodermi na neva za ektodermi.

Ubongo na uti wa mgongo hupatikana hivi. Kuanzia siku ya 18 hivi ektodermi ya katikati hunenepa, kingo zake huinuka na kukunjana, kisha hukutana na kuwa mrija. Mrija hufungwa kwanza katikati, halafu tundu la juu karibu na siku ya 25, na la chini karibu na siku ya 28. Moyo nao umeshaanza kupiga, siku ya 22 hivi. Tundu la chini lisipofunga, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Siku ya 28 kwa hesabu ya kadi ni wiki 6, yaani hedhi imechelewa wiki mbili tu.

Kwa hiyo vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki, ambavyo vina foliki asidi, vitamini inayosaidia mrija huu kufunga, vinamsaidia mama sana, lakini kwa mrija huu kwa kawaida huwa vimechelewa. Utafiti wa Uingereza na nchi nyingine uliotangazwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba foliki asidi ikianzwa kabla ya mimba ilipunguza kwa asilimia 72 hatari ya tatizo hili kurudi kwa wanawake waliowahi kulipata. Haizuii yote, kwa hiyo mama asibebeshwe lawama. Maharage, mboga za majani na parachichi za Rungwe vina foleti, yaani vitamini hiyo ilivyo kwenye chakula, ila mapishi hupunguza sehemu yake, na unga wa mashine ya kijijini kwa kawaida hauongezwi virutubishi kama ule wa viwandani. Anayepanga mimba hushauriwa kumeza mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla hadi wiki ya 12 ya kadi. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, na anayetumia dawa za kifafa, amwone daktari kabla ya kushika mimba, kwa sababu dozi yake huwa tofauti na dawa za kifafa haziachwi ghafla.